Sindano za kala-azar: mambo ya kupanga kabla ya siku 17

Kala-azar, ugonjwa wa vimelea unaovimbisha wengu, isipotibiwa huua. Natanguliza hilo kwa sababu baadhi ya haya yanayofuata yanatisha, na sitaki mtu ayasome kisha aamue kubaki nyumbani na wengu lililovimba.

Dawa yenyewe ni SSG, kwa kirefu sodiamu stiboglukoneti, dawa kongwe iliyotengenezwa kwa madini ya antimoni. Bado inategemewa sana Baringo, Pokot Magharibi, Turkana, na ng'ambo ya mpaka kule Amudat, Uganda. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza ichomwe pamoja na paromomisini, dawa nyingine ya sindano: sindano mbili kila siku, kwa siku 17 mfululizo. Zamani SSG peke yake ilikuwa siku 30, kwa hiyo hizi 17 ni nafuu.

Nafuu, lakini bado ni zaidi ya wiki mbili mbali na mifugo na watoto. Nani atabaki nao? Litatueni hilo kabla ya kupanda gari. Kwa maoni yangu, anayelala wodini huku mbuzi wake hawana mchungaji ndiye atakayeanza kuulizia ruhusa mara tu homa ikishuka, na homa hushuka mapema, vimelea vingali mwilini.

Kipimo cha dawa hufuata uzito, miligramu 20 za SSG kwa kila kilo. Mtu wa kilo 50 anahitaji miligramu 1,000. Kwa kawaida mililita moja hubeba miligramu 100, basi hapo ni mililita 10, nyingi kiasi kwamba muuguzi huzigawa, nusu tako hili, nusu lile. Paromomisini bado haijachomwa! Kwa sababu hiyo mgonjwa apandishwe kwenye mizani siku hiyo hiyo. Asikisiwe kwa macho, wala msitumie uzito wa kadi ya zamani. Ugonjwa huu hukondesha vibaya.

Kuna mambo ambayo daktari hawezi kuyaona usipomwambia. Kama uliwahi kutibiwa kala-azar, sema mapema, kwani kile kipimo cha haraka cha tone la damu huweza kuendelea kuonyesha ugonjwa muda mrefu baada ya kupona. Huenda ikabidi vimelea vitafutwe kwenye wengu au uboho. Mjamzito aseme, na asiye na hakika apimwe. Kipimo cha VVU kifanywe pia. Mjamzito, mwenye VVU na mtu wa umri mkubwa kwa kawaida hupewa AmBisome, dawa nyingine ya kala-azar, kwa dripu, kwa kuwa SSG huwaumiza zaidi. Taja shida yoyote ya moyo, figo, ini au masikio, na beba pakiti za dawa zote unazomeza, hata za dukani. SSG huweza kuvuruga mapigo ya moyo, na zipo dawa nyingine zenye tabia hiyo hiyo.

Pombe iachwe kabisa, busaa ikiwemo. SSG huweza kuvimbisha kongosho. Maumivu makali ya tumbo pamoja na kutapika yasivumiliwe kimya kimya. Mwite muuguzi pia masikio yakianza kuvuma, kwa sababu paromomisini huweza kuharibu usikivu. Maungo kuuma na matako kuwa magumu ni kawaida, ila bado taja.

Nenda na mtu wa kukuhudumia, blanketi, chandarua, na chakula kama hospitali haitoi cha kutosha. Msinunue SSG kichochoroni mkachomane nyumbani: bila vipimo vya damu na mtu wa kusikiliza moyo, hii si dawa ya kuchezea.

Kadi ya kutoka hospitali itunzwe. Utaitwa tena baada ya miezi 6 kuangaliwa kama wengu limerudi ukubwa wake wa kawaida, na madoa au vipele vikitokea usoni kabla ya hapo, usisubiri tarehe.