Jinsi ya kuomba leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, kwa mradi wa umeme wa upepo palipo na wanyamapori

Waombaji wengi hapa Kenya hukimbilia fomu, na fomu ndiyo kazi ndogo kuliko zote. Kinachowaangusha ni mahali walipochagua. Kabla hujalipa mtaalamu yeyote, nenda ofisi ya mipango ya kaunti uombe kuona mpango wa matumizi ya ardhi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inaitaka kila kaunti iwe na mpango wa miaka 10. Angalia kama eneo lako limekalia ushoroba, yaani njia wanayopita ndovu. Ukiambiwa mpango haujakamilika, usishangilie. Waone KWS, shirika la taifa la wanyamapori, kisha waulize wafugaji wa hapo wanyama hupita wapi mvua ikinyesha.

Ardhi ikiwa ya jamii, Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inataka makubaliano na mwekezaji yapitishwe na theluthi mbili ya watu wazima mkutanoni. Saini za wazee watatu hazitoshi. Mradi wa umeme wa upepo wa Kinangop ulikufa 2016 baada ya wakazi kuukataa.

Hatua inayofuata ni kumwajiri mtaalamu wa tathmini ya athari kwa mazingira aliyesajiliwa na NEMA. Yeye ndiye ataandika hadidu za rejea, yaani maelezo ya kitakachochunguzwa na namna ya kukichunguza, na lazima NEMA izikubali kabla utafiti haujaanza. Zisome mwenyewe. Ukiona ndege watahesabiwa kwa wiki mbili tu, rudisha. Taka mwaka mzima, kiangazi na masika, usiku pia kwa ajili ya popo.

Kwa nini nakazia ndege? Chukua tumbusu. Akiwa angani huinamisha kichwa kutafuta mzoga, na akiinama hivyo haoni kilicho mbele yake. Panga linalozunguka la mtambo wa upepo linamkuta hajui. Hutaga yai moja tu, kwa hiyo pengo la mmoja halizibiki upesi. Ndiyo maana kwenye mradi wa upepo wa Kipeto, Kajiado, penye mitambo 60, wapo watu ambao kazi yao ni kutazama angani kwa darubini mchana kutwa. Tumbusu akikaribia, mtambo unasimamishwa. Mpango wako wa usimamizi wa mazingira uwe na mambo ya namna hiyo, yaliyoandikwa waziwazi: mbuzi akifia chini ya mtambo nani anaondoa mzoga, na ndani ya saa ngapi? Kwa popo, eleza kwamba usiku wa upepo mdogo mapanga hayatazunguka. Umeme unaopotea ni kidogo.

Na laini ya kusafirisha umeme iingie kwenye ripoti hiyo hiyo. Wengi huisahau, ilhali nyaya huua ndege wakubwa kama korongo na flamingo.

Kanuni za tathmini ya athari kwa mazingira za 2003 zinadai mikutano ya hadhara isiyopungua mitatu. Ifanye kwa lugha ya wenyeji, na usiiweke wakati wafugaji wamehama na mifugo. Hifadhi kumbukumbu na orodha za waliohudhuria, hasa maneno ya waliopinga. Ripoti iliyojaa sifa tupu humfanya msomaji wa NEMA ashuku.

Ukishawasilisha ripoti, NEMA huipeleka kwa taasisi husika na kutangaza kwenye Gazeti la Serikali, magazeti na redio ili wananchi watoe maoni. Kila hoja ijibu kwa maandishi, hata inayokukera. Ukinyimwa leseni, una siku 60 kukata rufaa kwenye Baraza la Kitaifa la Mazingira (National Environment Tribunal).

Ukipewa, soma masharti yaliyoambatanishwa kabla ya kuita matingatinga, kwa sababu ukaguzi wa mazingira wa kila mwaka utapimwa kwa masharti hayo. Na mhandisi akitaka kubadilisha mpangilio wa mitambo ulioidhinishwa, hata kwa sababu nzuri, omba kwanza marekebisho ya leseni.