Kabla ya kupanda rola kosta: ya kuzingatia kwa anayetoka Lubumbashi

Ubishi wa wapenzi wa rola kosta, zile treni za bustani za michezo zinazopanda na kushuka kwa kasi, hapa kwetu huanzia kwenye simu. Mmoja anatoa Formula Rossa ya Abu Dhabi na kilomita zake 240 kwa saa. Mwingine anamjibu kwa Kingda Ka ya Marekani iliyopanda mita 139, hata kama ilifungwa 2024 na kubomolewa. Mega zinaisha, ubishi hauishi. Mimi nasema tunabishania kitu kisichostahili. Kasi na urefu vinafaa kwenye tangazo. Kinachoamua utakachokipata ukiwa juu kule ni kiti na chuma kinachokushika. Lubumbashi hakuna rola kosta kubwa, kwa hiyo anayetaka kupanda lazima asafiri, na aliyelipa nauli ya mbali hivyo inafaa afike akijua anaendea nini.

Wengi wetu tuna milango miwili: Johannesburg, au Ubelgiji kwa mwenye ndugu kule. Johannesburg kuna Gold Reef City, bustani ya michezo iliyojengwa palipokuwa na shimo namba 14 la mgodi wa dhahabu wa Crown Mines. Hapo utaikuta Anaconda ya mwaka 1999, kazi ya Giovanola wa Uswisi, kiwanda ambacho wahandisi Bolliger na Mabillard walikifanyia kazi kabla ya kuanzisha kampuni yao ya rola kosta 1988. Treni yake inaning'inia chini ya reli, miguu ya abiria ikiwa hewani. Ubelgiji kuna bustani ya Walibi, pale Wavre, yenye Kondaa iliyofunguliwa 2021: mita 50 kwenda juu, kilomita 113 kwa saa, na mfululizo wa vilima vilivyochongwa kwa lengo moja, kukunyanyua kitini. Ukizipanda zote mbili ukitafuta raha ileile, moja itakuudhi bure. Anaconda ni ya kupinduliwa na kukandamizwa, Kondaa ni ya kuelea.

Huko kuelea ndiko wapenzi wanakokufuata duniani kote, na mtu wa Katanga hahitaji maelezo marefu. Muulize mzee yeyote aliyeshuka chini ya ardhi kwenye mgodi wa Kipushi. Kizimba kinapoanza kushuka, miguu inakuwa myepesi na tumbo linabaki nyuma, kwa sababu sakafu inakimbia kabla mwili haujaifuata. Kwenye kilele cha rola kosta reli inainama kwenda chini, lakini mwili wako bado unataka kuendelea mbele na juu. Reli ikiinama taratibu, unaelea tu, kama huna uzito. Ikiinama ghafla kuliko mwili unavyoweza kuanguka wenyewe, kiti kinakutoka na chuma cha mapajani ndicho kinachokuvuta chini pamoja na treni. Aina hii ya pili ina wapenzi wake sugu, nami ni mmoja wao, ila simshauri mtu aanze nayo siku ya kwanza.

Treni yenyewe hairuki kwa sababu ina magurudumu ya aina tatu: ya juu ya reli, ya ubavuni, na ya chini yanayoikumbatia reli isiiachie. Hayo ya chini ni ubunifu wa Mmarekani John Miller, aliyeyapatia hataza 1919. Kabla yake kilima kikali cha namna hii kilikuwa hatari tupu.

Sasa vifungio, na hapa ningeomba usome polepole. Kuna chuma cha mabegani kinachoshuka kutoka juu ya kichwa, na kuna chuma cha mapajani peke yake. Watu wetu wakiona picha hudhani cha mabegani ndicho salama zaidi, hasa kwenye kitanzi cha kupindua. Sivyo ilivyo. Kwenye kitanzi kilichochorwa vizuri, mwendo wenyewe unakusukumia kitini hata kichwa kikiwa chini. Anton Schwarzkopf, Mjerumani, akisaidiana na mhandisi Werner Stengel, alijenga rola kosta ya Revolution huko California mwaka 1976 kwa kitanzi chenye umbo la tone, na abiria wakashikwa kwa chuma cha mapajani tu. Baadaye bustani iliongeza vya mabegani, abiria wakalalamika kugongwa masikio, na mwaka 2016 vikaondolewa. Kwa hiyo unapopanda yenye chuma cha mabegani, egemeza kichwa nyuma tangu mwanzo na ukitulize hapo. Anayekipeleka mbele ili aone vizuri ndiye anayeshuka akishika shingo.

Chuma cha mapajani kinadai umakini mwingine. Kaa makalio yakiwa yamegusa kabisa mgongo wa kiti, nyoosha kiwiliwili, ndipo ukivute. Kinatakiwa kilale kwenye mapaja, karibu na nyonga. Kikilala tumboni, ama hukukaa vizuri ama kiti hicho hakikufai. Vingine hufunga kwa meno, utasikia ta-ta-ta na kila mlio ni hatua moja, kwa hiyo kinaweza kukuachia nafasi kidogo au kukubana kuliko ulivyotaka. Vya haidroliki, vinavyoshikwa kwa shinikizo la kimiminika, husimama popote vinapogusa mwili. Wapo wapenzi wanaobana pumzi au kuweka mkono katikati ili ibaki nafasi ya kurushwa zaidi. Usiwafuate. Nafasi hiyo inakupa pigo la mapaja kwenye kila kilima, na inakula akiba aliyokuwekea mhandisi.

Nayasema haya kwa uzito kwa sababu yapo yaliyotokea. Julai 2011, katika jimbo la New York, askari mstaafu aliyepoteza miguu vitani aliruhusiwa kupanda rola kosta yenye chuma cha mapajani, akatupwa nje na kufa. Masharti yaliyobandikwa pale yalidai abiria awe na miguu yote miwili, kwa sababu chuma kile hushikia mapajani na miguuni. Machi 2022, Orlando, kijana wa miaka 14 alianguka kutoka kwenye mnara wa kudondosha watu. Uchunguzi ulionyesha kihisi cha kiti chake kilikuwa kimerekebishwa hata chuma kikaonekana kimefunga huku nafasi ikiwa kubwa mno. Ukiona chuma chako kiko tofauti na cha jirani, inua mkono na uite mhudumu kabla treni haijatoka. Foleni nzima ikikukodolea macho, wacha ikukodolee.

Mwenye mwili mkubwa, mrefu sana au mwenye mapaja mapana aulize kwanza kama kuna kiti cha kujaribia mlangoni. Bustani nyingi huwa nacho, na ni afadhali kujua hapo kuliko baada ya saa nzima ya kusimama. Watoto uwapime kimo nyumbani, bila viatu: rola kosta kubwa nyingi hudai kati ya mita 1.20 na 1.40, na machozi ya mtoto aliyerudishwa langoni hayapozwi na aiskrimu.

Kuhusu afya sina lugha ya kuzungusha. Mjamzito asipande. Mwenye ugonjwa wa moyo, presha isiyotulia, au aliyepasuliwa mgongo au shingo, hali kadhalika. Nyumba nyingi za kwetu zina mtoto wa SS, yaani mwenye selimundu: huyo asikutane na kasi, baridi na kiu vyote kwa siku moja kabla daktari anayemtibu hajasema neno. Hata aliye mzima, chini ya kilima mwili hulemewa mara tatu au nne ya uzito wake, damu hukimbilia miguuni na macho yanaweza kuingia kiza. Kaza misuli ya mapaja na tumbo, endelea kupumua, giza litapita.

Kula, lakini si bukari na sombe mpaka kushiba. Kipande cha mkate na ndizi saa moja kabla kinatosha, na maji unywe tangu asubuhi. Kupanda na njaa kunaleta kichefuchefu vilevile. Dada, kikwembe kiache hotelini, vaa suruali. Kilemba na hereni ndefu vitolewe, nywele za kubandika zifungwe kwa nyuma. Kwenye Anaconda sandali hazifai kabisa. Simu usipande nayo mkononi: ikichomoka kwenye mwendo ule inakuwa jiwe kwa abiria wa nyuma yako.

Kiti gani? Mstari wa nyuma unaburutwa kupita kilele na treni iliyokwisha kushika kasi, ndiyo maana unarushwa zaidi wakati wa kushuka. Mbele unapata upepo na unaiona njia yote. Kwenye Kondaa ningekaa nyuma, kwenye Anaconda mbele, na wenzangu wa Kamalondo bado hawajakubali.

Angalia pia kalenda ya bustani kabla ya kununua tiketi ya ndege, kwa maana hazifunguliwi kila siku na mashine moja moja hufungwa kwa matengenezo. Johannesburg ina mvua za radi alasiri kuanzia Novemba mpaka Machi, na radi ikisikika treni husimamishwa, kwa hiyo msimu huo panda asubuhi. Juni na Julai geuza mpango: asubuhi kuna baridi kali, grisi ya magurudumu ni nzito na treni huenda taratibu. Zunguka kwanza kwenye zile ndogo, beba koti, na ile uliyoisafiria uipande saa tisa alasiri.