Kayamba: kulisuka, kulijaza, kulipiga

Kayamba ni kisanduku bapa cha matete chenye mbegu ndani. Huku pwani ya Kenya Wamijikenda hulitikisa kwenye harusi na kwenye ngoma za kupunga pepo, na siku hizi utalisikia hata kanisani. Kulisuka ni kazi ya siku moja. Kukausha matete ndiko kutakakokula wiki mbili.

1. Matete. Kata yaliyokomaa, yenye unene wa kalamu ya risasi. Yaanike kivulini, maana jua kali huyapasua. Gonganisha mawili: yakilia "ka!" yamekauka, yakilia "pu" yarudishe. Yote yawe na urefu mmoja. Mimi hukata sentimita 45.

2. Fremu. Mbao nyembamba nne, kina cha vidole viwili, ziunge ziwe mstatili. Ongeza ya tano katikati ili upate vyumba viwili. Bila hiyo mbegu zote hukimbilia upande mmoja.

3. Kusuka. Panga matete upande wa chini, kila moja ulifunge kwenye mbao kwa kamba ya mkonge. Kaza. Mwanga ukipenya si neno, mbegu isipenye tu. Kisha suka upande wa juu, ila matete matatu ya mwisho ya kila chumba yaache kwanza.

4. Mbegu. Wazee hutumia za mturituri, zile nyekundu zenye doa jeusi. Zina sumu kali: usizitoboe, usizipasue, na ukimaliza fagia zilizodondoka kabla mtoto hajaziokota. Nyumba yenye watoto wadogo ni heri utumie mbegu za maua ya kana. Ndizo wanazotia wenzetu wa kisiwa cha Réunion kwenye kayamb yao, ndugu wa hili letu, inayopigwa kwenye muziki wa maloya.

Kiasi ndicho kinachowashinda wengi. Kayamba langu la kwanza nililijaza karibu nusu, nikijua mbegu nyingi ndiyo sauti kubwa. Mjomba alilitikisa mara moja, akanirudishia. "Mjomba, hili kayamba au gunia la mahindi?" Mbegu zinalia kwa kusafiri, na zikibanana hazina pa kwenda. Tia konzi moja kila chumba, ziba mwanya kwa mkono, uliinamishe. Ukisikia "shwaaa" ndefu inayokatika ghafla, funga yale matete yaliyobaki. Ukisikia "shh" fupi, punguza.

5. Ufito wa gumba. Funga ufito mkavu juu, katikati, mahali vidole gumba vinapofika. Huo ndio utakaougonga.

6. Kupiga. Shika pande mbili kwa viganja, magumba juu, viwiko karibu na mbavu. Usilirushe juu kama unayepeta mchele; liinamishe kulia, kisha kushoto. Hesabu moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu. "Moja" ya kwanza ni ya kulia, ya pili ni ya kushoto, na kwenye kila "tatu" gumba ligonge ufito.

Sasa utaona unachelewa, na utadhani huna sikio. Sikio unalo. Mkono wako unafika kwenye "moja", lakini mbegu bado ziko njiani. Anza kuinamisha kwenye "tatu", gumba likiwa linagonga, ili mbegu zitue ukutani "moja" inapotamkwa. Fanya polepole mno, hata ikuchoshe, ukisikiliza zinapotua na kuusahau mkono. Mimi ilinichukua mwezi mzima. Kisha mtafute mpiga chapuo, ile ngoma ndogo, mkae pamoja. Akiongeza mwendo, usiongeze nguvu: punguza mwinamo, mbegu zipate safari fupi, utamfikia bila kutoka jasho.