Jinsi ya Kuzuia Magonjwa ya Kuambukiza Yasienee Miongoni mwa Wafanyakazi wa Shule

Shule nyingi mkoani Kigoma huweka vibuyu chirizi (vyombo vya kunawia vinavyotiririsha maji) karibu na vyoo vya wanafunzi na kupanga zamu ya kuvijaza maji, lakini ukiingia ofisi ya walimu unaweza kukuta taulo moja limetundikwa nyuma ya mlango, vikombe vichache vya chai vinavyozunguka kwa watu kumi na wanne, na kalamu moja iliyofungwa kwa uzi kwenye daftari la mahudhurio. Mwongozo huu unahusu upande huo unaosahaulika: walimu, mpishi, matroni, mhasibu na mlinzi.

Jambo la kwanza kushughulikiwa ni sababu inayomfanya mgonjwa aje kazini. Mwalimu mwenye homa na mafua makali anajua kuwa anapaswa kupumzika, ila anakuja kwa sababu hakuna wa kuingia darasani kwake, au kwa sababu anaogopa kuandikwa mtoro. Kwa hiyo mkuu wa shule na mwalimu wa taaluma wapange mapema nani atashika vipindi vya nani, na kila mwalimu awe na faili lenye kazi za kuwatosha wanafunzi wake siku tatu. Mgonjwa atoe taarifa kwa simu kabla ya vipindi kuanza. Asije ofisini kuaga, maana kuaga kwenyewe ndiko kunakowaachia wenzake ugonjwa. Akifika zahanati aombe ED, yaani cheti cha kuruhusiwa kupumzika kazini, nayo ipokelewe bila minong'ono. Kwa wafanyakazi wa shule binafsi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa likizo ya ugonjwa ya hadi siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, mradi kuwe na cheti cha daktari. Walimu wa serikali wanafuata taratibu za utumishi wa umma.

Muda wa kukaa nyumbani hutegemea ugonjwa. Mwenye homa ya mafua asubiri hadi homa iishe kwa saa 24 bila kutumia dawa ya kuishusha. Aliyeharisha au kutapika asubiri saa 48 baada ya dalili kukoma, na kwa mpishi sharti hili lisilegezwe hata siku ambayo wanafunzi watachelewa kupata makande. Mwenye macho mekundu abaki nyumbani hadi macho yaache kutoa tongotongo na machozi mengi. Anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi akapimwe kifua kikuu, ambacho hutibiwa bila malipo katika vituo vya serikali. Mkuu wa shule anayepewa habari hiyo aitunze kama siri, kwa kuwa kikohozi cha mwalimu si tangazo la mstarini, na mtu aliyeaibishwa mara moja hatasema tena akiugua.

Hata hivyo, kumzuia mgonjwa peke yake hakutoshi, kwa sababu mwenye homa ya mafua huweza kuanza kuambukiza takriban siku moja kabla hajajihisi vibaya. Ndiyo maana hewa ya ofisini ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Madirisha ya pande mbili yafunguliwe ili upepo upite, na meza zisipangwe uso kwa uso pale nafasi inaporuhusu. Wakati wa mvua, ambapo watu hupenda kufunga kila kitu na kukaa karibu karibu wakisahihisha madaftari, liachwe wazi walau dirisha moja la upande usiopigwa na mvua. Mikutano ya wafanyakazi inaweza kufanyika chini ya mwembe. Kuhusu salamu, Waha, wenyeji wa Kigoma, wana desturi ya kusalimiana kwa kupiga makofi, nayo inafaa sana pale mafua yanapoenea, kwani heshima inabaki bila mtu kushikwa mkono.

Taulo la pamoja liondolewe leo hii. Kila mtu awe na kikombe chake chenye alama, na kalamu yake ya kusaini. Kunawa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa sekunde 20 kunashinda vitakasa mikono baada ya kutoka chooni, kwa sababu baadhi ya virusi vya kuharisha haviuliwi vizuri na spiriti iliyomo kwenye vitakasa.

Kipindupindu kinahitaji uangalifu wa pekee. Watu wa mwambao wa Ziwa Tanganyika wanakumbuka Mei 2015, kilipozuka katika kijiji cha Kagunga ambako maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walikuwa wamekusanyika. Dalili zake hujitokeza kati ya saa chache na siku tano tangu kuambukizwa, na upungufu wa maji unaweza kuua kwa muda mfupi. Maji ya kunywa ya ofisini yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini, yawekwe kwenye ndoo yenye mfuniko na bomba, wala yasichotwe kwa kikombe. Mfanyakazi akianza kuharisha choo cha majimaji mengi kama maji ya mchele, apewe maji ya ORS (chumvichumvi za kurudisha maji mwilini) palepale na apelekwe kituo cha afya bila kungoja kipindi kiishe, huku ofisa afya wa kata akiarifiwa. Namba 199 ya Wizara ya Afya hupigwa bila malipo.

Sehemu zilizochafuliwa na matapishi au kinyesi zisafishwe na mtu aliyevaa glavu. Ikiwa lebo ya dawa ya klorini inaonyesha asilimia 3.5, changanya kikombe kimoja cha dawa na vikombe sita vya maji, mwagia mahali hapo, na subiri dakika kumi kabla ya kufuta. Usiichanganye kamwe na dawa nyingine ya kusafishia choo, kwa kuwa hutoa mvuke wenye sumu. Mchanganyiko hupoteza nguvu, hivyo uliobaki jioni umwagwe na mwingine utengenezwe asubuhi.