Kijana wako ameshtakiwa kupinga kukamatwa: fuata kesi hivi hadi uamuzi

Shtaka hili ni nadra lije peke yake. Kijana amekamatwa kwa ulevi, au kwa kuendesha bodaboda bila leseni, na hati ya mashtaka ikitoka ina shtaka la pili: kwamba alimpinga afisa wa polisi aliyekuwa akitekeleza kazi yake. Nimesaidia familia katika mahakama za mashambani hapa Kenya kwa miaka mingi, na linaloniuma ni kuona watu wakilipuuza hilo la pili kama nyongeza tu, ilhali mara nyingi ndilo zito. Likiletwa chini ya kifungu cha 253 cha Kanuni ya Adhabu, kifungo chaweza kufika miaka 5. Likiletwa chini ya kifungu cha 103 cha Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi, chaweza kufika miaka 10, au faini ya hadi shilingi milioni 1, au vyote viwili. Basi usiridhike ukiambiwa "ni kesi ndogo hiyo". Omba uione hati, utazame kifungu kilichoandikwa.

Kabla ya mahakama, nenda kituoni ukaulize nambari ya OB, yaani rekodi ya siku na saa aliyoingizwa. Katiba, Ibara ya 49, inataka afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Saa hizo zikiishia wikendi au sikukuu, ni siku ya mahakama inayofuata, ndiyo maana anayeshikwa Ijumaa jioni huletwa Jumatatu. Kama ana jeraha, mpeleke hospitali mapema na ufuatilie fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari hujaza kuhusu majeraha. Askari akidai aliumizwa, na kijana naye ana mkono uliovimba, hakimu anapaswa kuona karatasi za pande zote mbili.

Sasa tuje kwenye asubuhi ya kusomewa mashtaka, maana hapo ndipo kesi nyingi za namna hii huzikwa. Kizimbani wamesimama watu kadhaa. Karani anasoma haraka. Kijana amelala seli, ana njaa, na kuna mtu kamnong'oneza kwamba akikubali atatozwa faini aende nyumbani. Anaulizwa, anajibu, "Ni kweli." Hakimu anaandika.

Neno hilo lina gharama. Anayekiri kosa hawezi tena kukata rufaa juu ya hatia. Anabaki na nafasi ya kulalamikia adhabu tu, ukubwa wake au uhalali wake. Lakini kuna mlango ambao wengi hawaujui. Tangu uamuzi wa Adan dhidi ya Jamhuri wa mwaka 1973, utaratibu ni kwamba baada ya mtu kukiri, kiongozi wa mashtaka husoma maelezo ya kilichotokea, na mshtakiwa hupewa nafasi ya kuyakubali au kuyapinga. Akisema, "Ni kweli nilikuwa nimelewa, lakini sikumsukuma askari," hakimu anapaswa kuandika kwamba amekana shtaka hilo la pili. Mwambie kijana asikilize kila sentensi. Kama Kiswahili cha mahakamani kinampiga chenga, aombe mkalimani kwa lugha ya nyumbani. Ni haki yake chini ya Ibara ya 50, na halipi chochote.

Akishakana, omba dhamana, na omba nakala za taarifa za mashahidi. Nazo ni haki yake kuzipata mapema. Zisome ukiwa na kalamu mkononi. Upande wa mashtaka lazima uthibitishe kwamba askari alikuwa kazini kihalali, na kwamba kijana alifanya kitendo cha kupinga. Kuuliza "nimekosa nini?" si kupinga. Mashahidi wakifika, hata asiye na wakili anaweza kuwauliza: Ulimwambia anakamatwa kwa kosa gani? Kwa lugha gani? Mikono yake ilifanya nini hasa? Nani mwingine aliona, na mbona taarifa yake haimo? Nimeona maswali mafupi kama hayo yakimfanya shahidi abadilishe maelezo yake mbele ya hakimu. Muuza mboga aliyekuwa hatua chache kutoka pale ana thamani kuliko jamaa kumi wa kusifu tabia ya kijana.

Na uamuzi? Kesi ikiondolewa chini ya kifungu cha 87(a) cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai kabla ya mshtakiwa kuitwa kujitetea, aachiliwa, lakini anaweza kushtakiwa upya. Usichinje mbuzi bado. Walalamishi wasipofika, na askari huhamishwa mbali, hakimu anaweza kumwachilia huru chini ya kifungu cha 202 cha sheria hiyo, ingawa anaweza pia kuahirisha. Ushahidi ukiwa dhaifu, ataachiliwa chini ya kifungu cha 210 bila hata kujitetea. Ukitosha, atajitetea kwa kiapo, bila kiapo, au anyamaze. Uchaguzi ni wake. Na kufutiwa shtaka la kwanza hakumaanishi la pili limekufa nalo, kwa hiyo ajitetee kwa yote mawili.

Akipatikana na hatia, bado kuna kazi. Omba ripoti ya afisa wa probesheni kabla ya hukumu. Afisa huyo atakuja kumuuliza chifu, mzee wa kijiji, na wewe, basi zungumza na hao mapema na mwambie kijana asiwakwepe. Ripoti nzuri humpa hakimu msingi wa kutoa probesheni, yaani kuwa chini ya uangalizi nje ya jela, kwa muda wa kati ya miezi 6 na miaka 3, au huduma kwa jamii, kama kufyeka nyasi za zahanati. Huduma kwa jamii inawezekana hata kwa kosa hili zito iwapo hakimu anaona kifungo kinachofaa hakizidi miaka 3. Kifungu cha 35 cha Kanuni ya Adhabu kinaruhusu hata kumwachilia kwa masharti. Akifungwa, mkumbushe hakimu siku alizokaa rumande. Kifungu cha 333(2) cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai kinataka zihesabiwe.

Rufaa huenda Mahakama Kuu ndani ya siku 14 tangu hukumu. Omba nakala ya mwenendo wa kesi siku ileile, kwa barua, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Na kama uliweka dhamana ya pesa taslimu, rudi masjala na risiti halisi kesi ikiisha. Risiti iwe na jina lako uliyelipa, si la mshtakiwa.