Kabla ya kufunga tabo kubwa, weka mafuta sawa

Mtu akipata tabo kubwa (turbo, kile kifaa cha kusukumia injini hewa zaidi) kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, Dar es Salaam, kwa bei nzuri, hamu inakuwa kuifunga wikiendi hiyo hiyo. Lakini tabo inaleta hewa tu. Mafuta ya kuendana na hewa hiyo hayaji yenyewe, na injini inayosukumiwa hewa nyingi huku mafuta ni machache inaweza kutoboa pistoni ndani ya sekunde chache, dereva akiwa hajasikia zaidi ya mlio mdogo wa chuma kugonga. Kwa hiyo pesa ya kwanza iende kwenye mafuta na vipimo. Tabo ikae stoo kwanza.

Anza kwa kuamua unataka nguvu kiasi gani, na uiandike, maana kila kipuri kinachofuata kinatoka kwenye namba hiyo. Tuseme una injini ya silinda nne kama 3S-GTE ya Toyota au EJ20 ya Subaru na unalenga nguvu ya farasi 300. Injini ya tabo ya petroli kwa nguvu hiyo inakunywa takriban lita 113 kwa saa ukikanyaga mpaka mwisho. Injekta, yaani vifaa vinavyonyunyizia mafuta kwenye injini, nazo hazitakiwi kufanya kazi zaidi ya asilimia 80 ya muda wake, ili zibaki na akiba. Ukipiga hesabu, kila injekta iwe na uwezo wa mililita 590 hivi kwa dakika. Fundi akikwambia "hizi zinatosha" bila kukuonyesha hesabu, mwombe akuonyeshe.

Jambo linalosahauliwa kuliko yote ni aina ya mfumo wenyewe. Magari mengi ya zamani yenye tabo kutoka kiwandani yana paipu ya kurudisha mafuta kwenye tangi, na regyuleta yake (kidhibiti cha presha ya mafuta) imeunganishwa na manifoldi, njia ya hewa inayoingia kwenye injini, kwa kipaipu chembamba. Tabo ikisukuma psi 10 (psi ni kipimo cha presha), presha ya mafuta nayo inapanda psi 10, kwa hiyo injekta haihisi tofauti. Magari kama Toyota IST yenye injini ya 1NZ hayana paipu hiyo ya kurudisha; regyuleta iko ndani ya tangi na presha haibadiliki. Hapo ndipo pana hatari. Presha ikiwa psi 43 na tabo ikasukuma psi 10 upande wa pili, injekta inabaki na psi 33 tu za kumwagia, na mafuta yanapungua kama asilimia 12 wakati ule ule injini inapoyahitaji zaidi. Mwenye gari la namna hii apange mapema kuweka paipu ya kurudisha na regyuleta ya nje, au injekta na programu zinazofidia upungufu huo. Akishindwa vyote viwili, asiliguse gari.

Pampu usiichague kwa namba iliyoandikwa kwenye boksi. Pampu ya lita 255 kwa saa haitoi lita 255 presha ikipanda, wala volti zikishuka. Pima volti kwenye plagi ya pampu injini ikiwa inanguruma, si kwenye betri. Waya za kiwandani zenye miaka 20 zinaweza kupoteza volti moja au zaidi njiani, na pampu kubwa inavuta umeme mwingi kuliko ile ya zamani. Vuta waya mpya mnene kutoka kwenye betri, weka rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) na fyuzi yake karibu na betri, na ile waya ya zamani iwe ya kuiwashia rilei tu. Pampu za majina makubwa zinaigwa sana, kwa hiyo nunua kwa muuzaji atakayekubali kuipokea ikipimwa na kukutwa pungufu.

Kuna kipande kimoja kidogo ambacho ningeomba ukishike mkononi kabla tangi halijafungwa: mpira mfupi, wa urefu wa kidole, unaounganisha pampu na bomba lake ndani ya tangi. Huo unaogelea kwenye petroli nje na ndani. Mpira wa kawaida wa petroli haukutengenezwa kuzamishwa. Unavimba, unalainika, kisha unapasuka au kuchomoka, na presha inaishia tangini. Tafuta ulioandikwa SAE J30R10, alama ya mpira wa kuzamishwa kwenye mafuta. Kwa nje, upande wa presha, uwe J30R9, na klempu ziwe zile laini za injekta zisizokata mpira.

Injekta nyingi hapa mjini ni za mtumba. Zisafishwe na zipimwe zote pamoja kwenye mashine, uone kwa macho kama mirija ya mashine inajaa sawasawa, kwa sababu moja ikiwa dhaifu silinda yake ndiyo itakayoungua. Hakikisha ukinzani wake wa umeme unakubaliana na kontroli boksi ya gari (kompyuta ya injini), na kontroli boksi yenyewe ipangwe upya. Injekta kubwa kwenye programu ya zamani zinafurisha mafuta mpaka plagi za cheche zinakuwa nyeusi na petroli inaosha oili kwenye kuta za silinda.

Halafu petroli yenyewe. Wengi wetu tunakumbuka miaka ya uchakachuaji, mafuta ya taa yakichanganywa na petroli, mpaka serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa mwaka 2011. Mafuta ya taa yanashusha okteni, yaani uwezo wa petroli kutojilipukia kabla ya wakati, na joto la Dar likiongezeka hapo injini ya tabo inagonga. Chagua sheli moja unayoiamini, na gari lipangwe kwa mafuta ya sheli hiyo hiyo. Tabia ya kuweka ya elfu kumi na kutembea taa ikiwaka iishe pia. Tangi likiwa chini ya robo, ukikata kona kwa kasi mafuta yanahamia upande mmoja na pampu inavuta hewa.

Vipimo viwili viwepo kabla ya tabo: geji ya presha ya mafuta na sensa ya oksijeni ya waidibendi, inayosoma uwiano wa hewa na mafuta kwa upana. Sensa ya kiwandani ya magari mengi ya zamani inasoma vizuri karibu na 14.7 kwa 1 tu (hewa kwa mafuta), wakati kwenye nguvu kamili unataka kuona kati ya 11.5 na 12. Geji ya kawaida, ambayo mafuta yenyewe yanafika mpaka kwenye geji, isiingie ndani ya gari. Ifunge kwa tepu nje ya kioo cha mbele, mwingine aendeshe, wewe usome. Sindano ikishuka injini ikiwa na mzigo, usiendelee mpaka ujue sababu.

Siku ya kazi, toa fyuzi ya pampu injini ikiwa inawaka, acha ijizimie, kisha chomoa waya hasi wa betri. Angalia na majirani: gereji zetu nyingi ziko wazi, anayechomelea yuko hatua chache, na jiko la mkaa la mama lishe liko kivulini hapo hapo. Hamisha gari au subiri wamalize. Mtungi wa kuzimia moto uwe chini karibu na mkono wako, si kwenye buti, na namba 114 ya Zimamoto kila mtu aijue.

Kama una bima kubwa, iarifu kampuni kwa maandishi kabla ya kuanza. Ukimaliza, washa pampu bila kuwasha injini, pitisha kitambaa kikavu kwenye kila kiungo ukinuse, na urudie hivyo baada ya safari ya kwanza injini ikiwa ya moto.