Kabla ya Kuandika Ukaguzi wa Hoja Zilizokosekana

Kwanza jua lugha yako ya programu hufanya nini funksheni inapoitwa ikiwa na hoja (thamani inazopewa) pungufu. Python hukataa papo hapo kwa kosa la TypeError, kabla hata mstari wa kwanza wa funksheni haujatekelezwa, kwa hiyo kukagua hoja ya lazima ndani yake ni kazi bure. PHP, kwa funksheni ulizoandika mwenyewe, hutupa kosa la ArgumentCountError tangu toleo la 7.1, zamani ilitoa onyo tu na kuendelea. JavaScript hukaa kimya: kigezo (jina linalopokea hoja) hupata undefined, yaani thamani ya kitu kisichopewa chochote, kisha NaN ("si namba") inakuibukia mbali kwenye hesabu ambayo haina hatia. R hukawia. Hoja haikokotolewi mpaka itumike, hivyo funksheni yaweza kupita majaribio yote mpaka siku tawi la if linaloigusa hoja hiyo litakapofikiwa.

Jambo linalosumbua zaidi ni kutenganisha hoja isiyoletwa na hoja iliyoletwa tupu. Katika JavaScript, kuandika x || 10 (tumia 10 kama x ni tupu) humeza 0 na tungo (maandishi) tupu, ingawa mtumiaji amezileta makusudi. Thamani chaguo-msingi kwenye kigezo (inayotumika hoja isipoletwa), iliyokuja na ES2015, toleo la JavaScript la mwaka 2015, ni salama zaidi, lakini hutumika kwa undefined peke yake, hata undefined iliyoandikwa kwa mkono; null hupita ilivyo. Ukihitaji idadi halisi ya hoja, soma arguments.length, ila usiitegemee ndani ya funksheni za mshale (zinazoandikwa kwa =>), kwani hazina arguments zao wenyewe.

Katika Python, kama None, thamani yake tupu, ni hoja halali, tengeneza alama yako nje ya funksheni, HAIPO = object(), uiweke kuwa chaguo-msingi, kisha ulinganishe kwa is, si kwa ==. Usiweke [], orodha tupu, hapo: chaguo-msingi hukokotolewa mara moja tu, funksheni inapofafanuliwa, na orodha ileile hubeba mabaki ya mwito uliotangulia.

Kwa R, weka missing(x), inayouliza kama x haikuletwa, juu kabisa ya funksheni. Ukishampa x thamani mpya, jibu lake haliaminiki tena. Kumbuka pia missing hurudisha TRUE hata kigezo kikiwa na chaguo-msingi, mradi mwitaji hakukileta.

Ujumbe wa kosa utaje funksheni na hoja. Halafu jaribu miito minne: bila hoja, kwa thamani tupu ya lugha yako, kwa 0, na kwa tungo tupu.